Paa la Nyumba ya Maziwa

Nyumba ya maziwa iko nyuma ya soko la Isiolo, jengo refu la mawe lenye paa la mabati, na wenyewe ni akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa huja asubuhi kutoka Kulamawe na mbele zaidi ya huko, kwenye madumu yaliyofungwa juu ya pikapu, na huondoka alasiri kwa basi kwenda Nairobi. Kati ya safari hizo mbili hukaa mle ndani, na ni mle yalimokuwa yakiharibika. Jua la saa sita likishayapiga mabati, ndani kulikuwa kama tanuri la mkate. Akina mama wenyewe walikuwa wameacha kukaa humo. Waliketi nje kwenye kivuli cha ukuta, wakayaacha maziwa yateseke peke yake.

Mwenyekiti wao ni shangazi yangu. Kwetu shangazi tunamwita edo, kwa Kisomali tulichoachiwa na mababu waliokuja huku wakiwa askari wa Mwingereza, wakaoa, wakanunua lori, wakabaki. Mimi ni wa ukoo huo wa malori, na nadhani ndiyo sababu sijawahi kukaa. Baada ya kidato cha nne nilibeba mizigo Mombasa, nikapika kambini Juba, kisha nikaenda Uarabuni, na huko ndiko nilikojifunza kazi ya kupuliza povu juu ya mapaa ya maghala. Edo aliponipigia simu nilikuwa Mombasa tena, juu ya paa la stoo ya samaki. Aliniuliza kama hiyo kazi bado naijua. Nikamwambia naijua. Akaniambia nije, na nije na mashine.

Nilifika nikamkuta na shida yake yote mezani. Mnunuzi wa Nairobi alikuwa amesema kwamba mzigo mwingine ukifika umechacha, atachukua maziwa yake Garissa na hatarudi. Wenzake walitaka waifunge nyumba, kila mmoja arudi kuuza barabarani na dumu lake. Edo aliwasihi wampe nafasi moja ya kutengeneza paa, akawaambia mtoto wa kaka yake ni fundi wa hayo mambo. Kisha akanigeukia mimi.

“Ukishindwa, mimi ndio nitatoka kwa hii kiti,” alisema. “Na maziwa itarudi chini ya jua.”

Nilimwambia sitashindwa. Sikusema hivyo kwa majivuno. Nilikuwa nimeyatazama yale mabati na kuona kwamba ni mazima, yana kutu kidogo tu na matundu ya misumari, na kazi hiyo nilikuwa nimeifanya katika jua kali kuliko hilo.

Kwa asiyeijua, kazi ni hii. Kuna dawa mbili za maji maji, moja nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, nyingine nyepesi. Kila moja inapita katika mpira wake, mashine ikizipasha moto, na hazikutani mpaka mdomoni mwa bunduki ya kupulizia. Zikikutana hutoka kama ukungu, zikaanguka juu ya bati, na kabla hujavuta pumzi ya pili zimefura zikawa povu. Muda mfupi baadaye povu hilo ni gumu, unaweza kulikanyaga. Halina maungio, halina misumari, maji hayapati pa kupenya, na joto la jua hubaki juu yake. Mwishowe unalipaka rangi nzito nyeupe, kwa sababu jua likiligusa lenyewe huligeuza unga wa manjano. Lakini povu hili lina wivu. Halitaki vumbi, halitaki mafuta, na zaidi ya yote halitaki maji chini yake. Likikuta unyevu hukataa kushika, likajikunja na kuacha upepo ndani.

Nilimchukua fundi mmoja Mturkana, mtu wa makamo aliyekuwa ameezeka nusu ya maduka ya mjini, anisaidie. Tulikwangua kutu, tukaziba misumari, tukaosha, tukapaka rangi ya chini ya kijivu, tukaacha paa likauke kabisa. Watu walipita wakitazama. Mwenye kibanda cha miraa ng’ambo ya pili, Mmeru mwenye sauti kubwa, aliniuliza kama nimekuja kufulia paa nguo. Baadaye akaniita Omo, kama ile sabuni ya unga. Mpaka leo ananiita Omo.

Upepo wa Isiolo ndio uliotupangia saa. Jua likishapanda huamka na mchanga, na ukipuliza povu katika upepo huo utapaka magari ya soko zima. Kwa hiyo tulipanga kuanza mara baada ya swala ya alfajiri, kungali shwari, na kushuka upepo ukianza. Siku ya kwanza ya kupuliza nilivaa nguo zangu nyeupe za kufunika mwili mzima na barakoa yenye mpira wa hewa, fundi akasimamia mashine chini, nikaanzia ukingoni juu ya mlango nikienda juu. Ilitoka vizuri. Ngozi ya povu ilikuwa kama ya chungwa, ndivyo inavyotakiwa. Akina mama walikuwa chini wananitazama wakiwa wamefunika pua kwa mitandio. Nilishuka nikiwa na furaha ya kweli, ile ambayo mtu huipata akiona kazi yake mahali alipozaliwa badala ya kuiacha kwenye miji ya watu.

Kesho yake nilipopanda, mguu uliniambia kabla ya macho. Pale ukingoni, juu ya mlango, povu lilibonyea. Niligonga kwa kifundo cha kidole likajibu sauti ya ngoma. Nikasogea, nikagonga, likajibu gumu. Nikarudi, ngoma tena. Kulikuwa na malengelenge mengi, makubwa kwa madogo, yametawanyika upande ule wa chini ambako maji yote ya paa hupita kuingia kwenye mfereji.

Nilichukua kisu nikakata kipande cha mraba, nikakibandua. Kilitoka bila ubishi. Nikanusa upande wa chini, nikasikia moshi.

Katika kazi hii, harufu ya kuungua maana yake umepuliza nene mno kwa mara moja, povu limejipika lenyewe katikati, na huo ni upuuzi wa mwanafunzi. Nilikata pengine. Moshi. Lakini povu lenyewe lilikuwa jeupe kama muhogo, halikuungua popote. Nilikaa kitako juu ya paa na kile kipande nimekishika puani. Moshi ule niliujua. Niliujua tangu sijui kutembea. Ni moshi wa vijiti ambavyo akina mama huviwasha na kuviingiza ndani ya dumu kabla ya kumimina maziwa, ili yakae na yapate ladha. Nimeyakumbuka maziwa hayo ya moshi katika vyumba vya watu kumi kule Uarabuni, nikiwa nimelala juu ya kitanda cha ghorofa. Sasa nilikuwa nayanusa chini ya povu langu.

Fundi alipopanda nikampa anuse. Alinusa, akanitazama, akaanza kucheka polepole mpaka akashika kiuno. Alisema ni yule nyanya. Alikuwa amemwona alfajiri ya jana yake kwenye ngazi yetu, akadhani anaangalia tu.

Nyanya huyo ni Mborana, ndiye mkubwa wa akina mama wote pale, na wote, Wasomali na Wameru pia, wanamwita akko, yaani bibi. Wakati mimi niko msikitini na paa limekauka tayari, yeye alipanda ngazi na kikombe cha maziwa na shada la majani mabichi, akalibariki paa, kama kwao wanavyobariki boma jipya au mnyama mpya. Alinyunyiza mpaka pale mkono wake ulipofika. Nasi tukaja na kupuliza juu yake.

Fundi alikuwa na shauri lake. Alisema tuchome yale malengelenge yatoe hewa, tupake rangi nyeupe juu, na hakuna macho yatakayoona. Alisema mapaa mengi ya mji huu yamesimama kwa rangi. Nilimjibu kwamba mvua haina macho lakini itaona. Maji yangeingia hapo hapo, juu ya mlango, yakatambaa chini ya povu, na kabla ya msimu kwisha paa zima lingekuwa limeachana na bati. Niliamua tubandue upande wote wa mlango, si malengelenge peke yake, tuoshe kwa sabuni, tukaushe, tupake rangi ya chini upya. Dawa iliyobaki kwenye mapipa ingetosha kumaliza paa na kurudia upande ule, lakini isingetosha kukosea tena.

Tulipoanza kubandua, mji ulisema povu la Omo limeoza. Edo alisikia akaja, akasimama chini ya ngazi amejishika kiuno. Nilimweleza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kumwambia akko neno hilo. Mtu hamwambii mkubwa wake kwamba baraka yake imeharibu nyumba. Wenzake wengine niliowatazama walianza kujishughulisha na madumu. Nikaona wazi kwamba kama hakuna atakayemwambia, siku nitakayopuliza atapanda ngazi tena, na safari hii kwa bidii zaidi, kwa kuwa kazi imeonyesha inahitaji baraka.

Nilimfuata mwenyewe. Alikuwa amekaa ukutani akisafisha dumu. Nilimsalimu, nikachuchumaa, nikamuuliza kama ndiye aliyelipa paa maziwa.

“Ni mimi. Wewe ulitaka kuanza nyumba ya maziwa kavu hivyo, kama duka ya simiti?”

Nilimweleza kwamba dawa ile haipatani na maji.

“Maziwa si maji,” alisema.

“Kwa hii dawa, akko, ni maji na mafuta pamoja. Imekataa kushika. Tunaibandua.”

Aliendelea kusugua dumu. Nilifikiri amekasirika, lakini alikuwa anawaza. Kisha aliniuliza sasa baraka ipitie wapi, maana bila hiyo hakubali. Nilimwambia aniwekee mimi, kwa kuwa mimi nitakuwa nimekauka kabla ya kupanda.

Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu.

“Wewe ni mtu ya kuondoka,” alisema. “Nikiweka kwako, itapanda basi na wewe.”

Akina mama waliokuwa wanajifanya hawasikii walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa lilinigusa, kwa sababu begi langu kwa edo sikuwa nimelifungua lote. Nilimwambia basi aweke kizingitini, ambako kila dumu litapita, na paa aniachie. Alifikiri tena, akakubali. Fundi alianza kuishusha ngazi yetu kila jioni na kuifungia ndani, lakini haikuhitajika.

Siku ya kurudia, nilitoka msikitini nikamkuta akko amesimama mlangoni na kikombe. Alinyunyiza kizingiti, akanyunyiza miimo ya mlango, akasema maneno yake ya Kiborana na wenzake wakayaitikia. Nilipokuwa napita kwenda kwenye ngazi, akaninyunyizia miguuni matone machache. Nilivua viatu, nikafuta nyayo, nikakaa kwenye jua la kwanza mpaka nikakauka kabisa. Fundi alikuwa akiuangalia upepo na kunihimiza. Sikupanda mpaka nilipopitisha kiganja juu ya bati lote la upande ule, kila bonde na kila tuta, na kiganja kikarudi kikavu na safi.

Nilipuliza. Sikuwa na furaha safari hii, nilikuwa na kazi tu. Nilipita tabaka jembamba, nikasubiri, nikapita jingine. Nilichoma waya kupima unene. Upepo ulipoanza kuinua mchanga sokoni tulikuwa tumemaliza upande ule na paa lililobaki, na mapipa yakisikika matupu ukiyapiga teke. Kesho yake nilitembea juu ya paa bila viatu, nikigonga hatua kwa hatua, na lilinijibu gumu kila mahali. Mwenye miraa aliuliza kutoka chini kama limeiva. Nilimwambia apande aonje. Ndipo tukapaka nyeupe.

Mzigo wa kwanza uliingia siku ya jua kali. Saa sita ilifika, saa saba ikafika, na nikaona akina mama wanainuka mmoja mmoja ukutani na kuingia ndani, kama watu wasioamini. Wakakaa humo. Edo hakukaa. Alifungua dumu moja baada ya jingine akionja kutoka kifuniko, mpaka basi likaja. Usiku mnunuzi alimpigia, na kesho yake edo alikuwa na sauti ya zamani, ile ya kuamrisha. Alisema tu kwamba maziwa yamefika matamu, kisha akamgombeza mtu kuhusu vifuniko.

Nilibaki kungojea mvua. Edo alisema si lazima, lakini fundi wa paa anayeondoka kabla ya mvua hajamaliza kazi. Ilikuja alasiri moja, mvua ya kwetu, inayofika yote kwa pamoja. Nilikuwa ndani na akina mama, na hakuna aliyejua. Nimekulia chini ya mabati, ambako mvua ikianza watu huacha mazungumzo, na watoto tulikuwa tunapiga kelele tuone kama tunaweza kuishinda. Mle ndani tuliendelea kuongea kwa sauti za kawaida mpaka mtu akaingia amelowa chepechepe.

Akko alitazama juu.

“Umefunga mvua mdomo,” aliniambia.

Nilisogea mpaka mlangoni nikasimama kizingitini, nikaweka kiganja juu ya ukuta, pale unapokutana na bati. Palikuwa pakavu. Ng’ambo, mabati ya maduka yalikuwa yananguruma yote kwa pamoja. Nilisimama nikiyasikiliza huku maji ya paa letu yakimwagika kutoka kwenye mfereji, mbele ya miguu yangu, mahali yanapotakiwa.