Alama Tatu Kwenye Mchanga wa Shimo la Sita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Emérance Banza anaburuta gunia juu ya duara la mchanga, pale ambapo wacheza gofu wa Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, hutia mpira kwenye shimo la sita. Mchanga umechanganywa na mafuta machafu ya injini ili upepo usiupeperushe, kwa hiyo unashika kila kiatu.

"Hapa Mama Lydie alipita jana," anasema. "Angalia, kama mbuzi zilipigana."

Anazilaza alama zote za viatu. Lakini kuna alama tatu pembeni ambazo gunia lake linazikwepa.

Alianza kazi hii ya kulaza mchanga miaka ishirini na mmoja iliyopita, alipofika kutoka Moba akiwa na mimba ya kwanza. Hajawahi kushika fimbo ya gofu. Ila kwa kutazama viatu tu, anakueleza mchezaji ni fundi au anababaisha.

Sasa ziwa limepanda na kumeza mashimo manne kati ya tisa. Kulifikia la sita lazima mpira uvuke maji palipokuwa na nyasi. Kamati ya kiwanja haikuzungusha maneno: la sita likizama, kiwanja kinafungwa, naye Mama Emérance aende nyumbani. Kibarua hiki ndicho kinacholisha watu saba wa nyumba yake.

Wiki mbili zilizopita Daktari Kalala, fundi kuliko wote, alipiga mipira mitano. Yote ikazama. Akazunguka kwa miguu, akasimama ukingoni mwa duara, akafunga mfuko wake wa fimbo. Hajaonekana tena, na mafundi wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

"Muntu mwenye anajua sana, njo anaumia sana," anasema Mama Emérance. "Alijua fasi, ile pahali mpira ulikuwa unaangukaga. Ile fasi haiko tena."

Lydie, mwalimu aliyeanza kucheza Januari, yeye hufuata ukingo wa maji kwa vipigo vifupi vifupi. Huchukua kumi na vinne, hufika akicheka.

"Yeye hajui kama kiwanja kimeharibika. Anafikiri gofu njo iko hivi."

Anatabasamu, kisha uso unasawijika. Mchezaji mmoja anayejifunza hawezi kushikilia kiwanja kizima, na hilo analijua.

Anaacha gunia, anachukua beseni, anaanza kupandisha mchanga mwinukoni. Hakuna aliyemtuma. Anataka kutengeneza duara jipya mbali na maji.

"Nitamaliza mbele Jumamosi ifike. Papa Docteur akisikia, pengine atarudia."

Na zile alama tatu, mbona hazilazi?

Anatua beseni. "Ni viatu vya Papa Docteur. Nikizilaza, ni kama nimekubali kwamba hatarudi."

Shingo inamuuma, hilo halifichi. Anajitwika beseni la tisa, la kumi, la kumi na moja, akichota upande wa pili wa duara. Upepo wa kiangazi unasukuma mawimbi madogo hadi ukingoni mwa duara, penye zile alama.

Kufikia saa sita mchana, alama zimebaki mbili.