Nilikula nyuma ya ukuta: mgahawa wa mama mkwe ndani ya zizi, Nyansurura

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa nyumbani Kewanja, Tarime, miguu ipo kwenye beseni la maji ya chumvi. Jana nimerudi kutoka kutembea siku mbili na wageni. Haya nitakayosema mengine nimeyaona kwa macho na mengine nimeyala kabisa, kwa hiyo anayetaka kubisha aje huku nimpeleke.

Kwanza niwaombe kitu. Kila Tarime ikitajwa humu mnaleta habari za mapanga na dhahabu. Leo pumzikeni. Leo naleta kahawa.

Mimi nilikuwa dereva wa boza la maji kwa mkandarasi mmoja mgodini. Mkataba ukaisha, nikakaa nyumbani mpaka kuku wakanizoea.

Ndipo rafiki akaniunganisha na Dada Neema wa Mwanza, ana group lake la hiking. Hawa ni watu wanaotembea kwa miguu kwa raha zao, tena wanalipia. Wazee wa huku wakiwaona wanauliza kama gari limeharibika.

Njia ninayowapitisha ni ya ng'ombe, ya zamani sana. Tunavuka Mto Mara kwa gari, tunashuka upande wa Serengeti, tunatembea hadi Nyansurura tunalala, kesho yake tunamalizia Mugumu.

Sasa hapo Nyansurura ndipo kwa mama mkwe wangu, Mama Bhoke.

Mama ni mjane. Baba mkwe alipofariki aliacha zizi kubwa lenye ukuta wa mawe, na ng'ombe wachache. Mama akawauza mmoja mmoja. Akanunua vikombe, sufuria kubwa na mahema ya mtumba, akatangaza anafungua mgahawa ndani ya zizi.

Mkurya auze ng'ombe anunue vikombe! Ukoo mzima ulisema mama kachanganyikiwa. Mashemeji zangu walisusa kabisa, hawakukanyaga pale. Na mimi, niseme ukweli, nilicheka. Nilimuuliza mke wangu Bhoke nani atatoka kwake akanywe kahawa kwenye zizi.

Ng'ombe wa mwisho kuuzwa alikuwa mmoja wa wale niliopeleka mahari. Mama alimtuma Bhoke aniulize kama nitaumia. Hakuwa na lazima ya kuniuliza, ng'ombe alikuwa wake. Nikajibu auze tu.

Turudi kwenye safari ya kwanza, mwaka jana.

Dada Neema aliniambia mapema: wageni wakipapenda, group litalala pale kila mwezi. Wasipopapenda, tutakuwa tunapita moja kwa moja hadi Mugumu, guest zipo. Nikaelewa kwamba kila kitu cha yule mama kilikuwa juu ya sahani za siku ile. Hakuwa na ng'ombe mwingine wa kuuza.

Tulifika saa saba mchana, wageni kumi na mmoja, njaa imewashika.

Wakuu, mahali pale pana vituko.

Meza zimepewa majina ya ng'ombe wa marehemu, na kila meza imefungwa kengele ya ng'ombe wake. Ukitaka chai unatikisa. Mama yuko jikoni, hatoki kuchungulia, anajua kwa sauti ni meza ipi inaita. Ni kama zamani alivyojua kwa sauti ni ng'ombe yupi kaingia shamba la watu.

Menyu imeandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa ghala. Chini yake kuna sheria: ASIYEMALIZA UGALI ASIOMBE KAHAWA.

Bafu ni ndoo iliyotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti. Mahema yako nje ya zizi, yamezungushiwa uzio wa miiba ili fisi wabaki na mambo yao.

Na kahawa ni ya milima ya Tarime, anaikaanga mwenyewe. Sisi tumeilima tangu enzi za babu zetu, tunaiuza yote, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai ya rangi. Niliposikia ile harufu niliona aibu kidogo.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Kwetu mwanaume hali mbele ya mama mkwe. Siku hizi wapo waliolegeza, lakini familia ya mke wangu haijalegeza na mimi sijaomba ilegezwe. Nina miaka tisa kwenye ndoa. Huwa namsalimia mama kwa mbali, "Shikamoo mama," nikiwa nimeangalia pembeni, naye anaitikia akiwa ameangalia pembeni yake. Namjua kwa sauti na kwa kanga.

Kwa hiyo nilipowaonyesha wageni meza zao, nikachukua begi langu, nikazunguka nje, nikakaa nyuma ya ukuta. Nikatoa biskuti na maji ya chupa. Kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida kama kuvua kofia.

Dada Neema akanifuata. "Kaka, mbona wewe huli?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Hapana dada, mimi hapa siwezi kula."

Basi. Sikuongeza neno. Mtu yeyote wa huku angeelewa, hata mtoto. Nikaendelea na biskuti zangu.

Kumbe dada wa watu kaelewa vingine! Kiongozi anayelijua eneo, tena mwenyeji, amekataa chakula na anatafuna biskuti mafichoni. Na kwenye lile group kulikuwa na watu waliowahi kuharishwa na chakula cha safari nyingine.

Nikashangaa kengele zimenyamaza. Hakuna anayetikisa. Nikasimama kwenye mawe nikachungulia.

Sahani zote zimesukumwa katikati ya meza. Kuku wa kienyeji aliyechinjwa asubuhi, ugali wa mtama na muhogo, mboga, vyote vinapoa. Watu wanafunga mabegi. Dada Neema amesimama mbele ya mama anamwambia kwa upole, "Mama, tunashukuru sana, ila ngoja tuendelee na safari."

Wakuu, moyo uliniuma. Nilijua palepale kwamba ni mdomo wangu.

Nikakimbilia getini nieleze. Nikakwama. Mama alikuwa amesimama katikati ya zizi, karibu na sahani, na mimi siwezi kuingia nikasimama naye uso kwa uso pale penye chakula. Mwanaume mzima nimeshika nguzo ya geti, mguu mmoja ndani mmoja nje, nasema "Jamani... jamani..." kama simu isiyo na network.

Mama ndiye aliyenusa. Akauliza, "Huyo aliyewaleta yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma ya ukuta, anakula biskuti," Dada Neema akasema.

Mama alicheka. Alicheka akajishika kiuno. Halafu akaniita kwa sauti, "kijana" kwa Kikurya, bila kunigeukia.

"Mura! Rudi huko ulikokuwa!"

Nikarudi mbio.

Nikamsikia akiwaambia wageni: "Huyu amemuoa binti yangu. Akila huku namwona, ni aibu yake na aibu yangu. Chakula changu hakina neno. Anaogopa macho yangu tu."

Mmoja akauliza, "Sasa sisi tutajuaje, mama?"

Chini ya ule ukuta kuna tundu ambalo ndama walikuwa wanapitia. Nikaona mkono unatokeza na sahani imejaa hadi ukingoni.

"Kula, mura," akasema. "Wageni njooni mumwangalie. Mimi naingia jikoni."

Wakazunguka wote kumi na mmoja, simu mkononi. Sijawahi kula nikiangaliwa hivyo maishani. Nilikula kuku, nikala ugali, mifupa nikaimaliza. Nilipomaliza nikagonga sahani kwa kijiko pale tunduni, na mkono ukarudi na sahani ya pili.

Wageni walivunjika mbavu. Wakarudi mezani, na baada ya muda mfupi kengele zote zilikuwa zinalia kwa pamoja. Walimaliza ugali, wakapewa kahawa, wakalala pale. Dada Neema aliniomba radhi, nami nikamwomba radhi. Tangu siku ile wanakuja kila mwezi. Na wale mashemeji waliosusa? Siku hizi wanapita "kumsalimia mama" saa ambayo kahawa iko motoni.

Sasa ya juzi, ndiyo iliyonifanya nifungue huu uzi.

Tumefika, nikazunguka nyuma ya ukuta kama kawaida. Nikakuta kuna meza ndogo na kigoda kipya. Juu ya tundu la ndama imening'inizwa kengele.

Nikaishika. Imefungwa kwa waya wa breki ya baiskeli, na fundo ni langu mwenyewe. Nililifunga asubuhi ile tunapeleka mahari, mkanda wa ngozi wa kengele ulipokatika njiani. Mama alimuuza yule ng'ombe wa mahari, kengele yake akabaki nayo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Nilikaa kwenye kigoda. Halafu nikaitikisa mara moja, kwa woga.

Ndani ya zizi kulikuwa na kelele, kila meza inaita kwake. Nikasikia sauti ya mama kutoka jikoni ikizipita zote:

"Hiyo ni ya mkwe wangu. Nyie wengine subirini kwanza."

Wakuu, sioni aibu kusema machozi yalinitoka. Mama huyu nilimcheka. Leo watu wanatoka Mwanza kwa ajili ya zizi lake, na najivuna kwamba nimeoa kwake.

Nilichojifunza: ukipeleka mgeni kwenu, mweleze na yale ambayo kwako hayahitaji maelezo. Neno moja nililolimeza lilitaka kumfilisi mjane.

Nyie kwenu mnakulaje ukweni? Tupeni uzoefu hapa chini, na waliowahi kupita njia hiyo waseme.

Mkifika, karibuni sana, meza ziko nyingi. Hata kile kigoda cha nyuma ya ukuta mnaruhusiwa kupigia picha nikiwa sipo.

Nikiwepo, kina mwenyewe.