Kifeni cha Mama Mkwe

Kibanda cha fundi simu huyu kimebanwa kati ya kinyozi na muuza viatu. Wateja humwita Mama Chaji, kwa sababu kabla hujamaliza kueleza shida yako ameshauliza, "Umeichaji?" Ulimi wake hauna breki. Ukimletea simu iliyotumbukia ndooni, atakuuliza kama ulikuwa unaifundisha kuogelea.

Siku mama mkwe wake alipoingia, ulimi huo ulipata adabu ghafla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu imenigomea. Inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena." Akainamisha kichwa. "Mle ndani kuna kicheko cha mzee. Cha siku ile kiti kilipovunjika amekikalia. Sauti yake nyingine sina."

Mzee alikuwa ameshafariki, na kicheko hakikuwa kimenakiliwa popote. Mama Chaji akaeleza kwamba dawa ni kuiflashi, yaani kuipa simu programu yake upya kutoka kwenye kompyuta. Angetumia njia isiyogusa picha wala sauti. Njia hiyo ikishindikana, ingebidi afute kila kitu.

"Basi isishindikane," mama mkwe akasema, akakaa kando ya meza, karibu na kifeni kidogo cha mezani.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta. Ulipofika katikati, maandishi mekundu yakatokea: mawasiliano yamekatika. Mama Chaji akabadilisha waya. Mekundu. Akapakua programu upya, akahakikisha ni ya aina ileile ya simu. Mekundu tena. Betri ilikuwa imejaa. Hata swali lake maarufu halikuwa na wa kuulizwa. Jasho lilikuwa likimchuruzika tangu mstari wa kwanza.

"Pole, mwanangu," mama mkwe alikuwa akisema kila aonapo jasho hilo.

"Mama, ikikataa na sasa, itabidi nifute."

Akaanzisha upya. Mstari ukatambaa. Mama Chaji akapangusa paji la uso, na kwa pembe ya jicho akaona mkono wa mama mkwe ukienda tena taratibu, kwa huruma yote, kwenye swichi ya kifeni kilichochomekwa ubavuni mwa kompyuta hiyohiyo. Mashine ile kuukuu haikuwa na nguvu ya kulisha viwili.

Akaudaka mkono wa mama mkwe hewani. Kisha akashtuka kwa alichofanya.

"Samahani, mama. Kifeni hiki kinainyima simu yako umeme. Kila ukikiwasha, inakatika."

"Kumbe mchawi ni mimi!"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema kwa heshima. Mteja mwingine ungemwambiaje?"

"Ningemuuliza amekuja kutengenezewa simu au kupunga upepo."

Mama mkwe akacheka hadi mtandio ukamdondoka. Halafu akaokota kifuniko cha boksi, akaanza kumpepea mkwe wake kwa mkono, huku wote wawili wameukodolea macho mstari. Ukapita katikati. Ukafika mwisho.

Simu ikawaka, ikaipita nembo. Mama mkwe akatafuta, akabonyeza. Mti wa kiti ukalia kwaa! Kimya kidogo, kisha kicheko kinene, cha mtu aliye sakafuni na hana mpango wa kuinuka. Kinyozi akazima mashine yake.

"Huyo nani?" akauliza kutoka upande wa pili, naye ameshaanza kucheka.

"Mume wangu," mama mkwe akajibu, kifuniko bado kinapepea. "Subiri, nairudia."