Vijidudu vya Harlan Tisdale

Kupe alimng'ata Harlan Tisdale nyuma ya goti akipalilia maboga yake, huko Connecticut. Upele ukamtoka, akaambiwa kupe kamwambukiza vijidudu; akapewa dawa, upele ukaisha, lakini uchovu na maumivu ya viungo yakagoma kuondoka. Ndipo akaangukia mikononi mwa daktari mmoja binafsi, mpole, mwenye shati la maua, aliyemwandikia antibiotiki za miezi na miezi.

"Ukizidiwa, usiogope," daktari alimwambia. "Ni vijidudu vinakufa. Vinatapatapa."

Harlan alitoka pale akipiga mluzi. Kichwa kikimgonga, anachekelea. Zile dawa zikafanya jua limbabue, akawa mwekundu kama kamba wa kuchemsha, na kwa kuwa yeye ndiye mpiga kinanda wa kanisa na hakuweza kukosa, akaanza kwenda ibadani na kofia la mkewe lenye utepe wa zambarau. Tumbo nalo likaanza kumwendesha mbio.

"Vinakufa, Beryl!" alimwambia mkewe kupitia mlango wa choo.

"Kwa mwendo huo makaburi ya mji mzima yangekuwa yameshajaa," Beryl alijibu. "Fungua dirisha."

Jumamosi moja palikuwa na harusi. Bibi harusi alikuwa katikati ya kanisa, anatembea kwa madaha, mara mlio wa kinanda ukakatika. Harlan alikuwa ameshasimama, ameshika suruali, anakimbilia nyuma.

"Msihofu!" alipaza sauti. "Vinakufa!"

"Nani kafa?" aliuliza nyanya wa bwana harusi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito.

"Hakuna, nyanya!" bwana harusi alimjibu.

"Maskini! Na alikuwa bado kijana!" Akaangua kilio, shangazi wawili wakampokea, na bibi harusi akabaki amesimama na maua yake kama mtu aliyepitwa na basi.

Beryl hakungoja keki. Alimsukumia mumewe garini, akampeleka hospitali, na baada ya vipimo daktari wa zamu akamkalisha chini.

"Mzee, vilivyokufa ni vile vizuri vya tumboni. Vibaya vimepata nafasi, vinastarehe. Hizo dawa acha leo."

"Kwa hiyo nilikuwa nashangilia..."

"Ndiyo, mzee."

Harlan alizitupa zile dawa pipani pale pale. Alipewa dawa nyingine na tumbo likatulia. Viungo vilichukua mwaka kupata nafuu, kwa matembezi na subira. Bibi harusi alimnunia mpaka Krismasi, kisha akamletea kipande cha keki ya harusi kilichogandishwa, kigumu kama tofali, nao wakakila wakicheka.