Kaye Iliyofunikwa Gazeti

Msinisimulie mimi habari za watu jasiri. Mimi Kabedi, binti wa Kalala, mashinisti wa gari la moshi hapa Kindu, nilikuwa jasiri wa kwanza darasani, mwaka wa sabini na tano. Jasiri wa mdomo!

Mwalimu wetu wa Kifaransa, Okito, alitusomesha romani moja, kitabu cha hadithi ya zamani ya Wazungu. Humo mtumishi anamwona bwana wake asiye na kosa akikamatwa. Anajua ukweli wote, lakini ananyamaza. Na katika mji ule kuna mkubwa mmoja ambaye kila asubuhi watu wanamwimbia na kumpigia makofi. Mwalimu akatuambia kila mmoja aandike maoni yake mwenyewe, asiibe ya jirani.

Niliandika kurasa mbili kwa hasira. Mtumishi yule ni mwoga, hafai hata kupewa maji ya kunywa. Mimi ningesema. Na wale wapiga makofi hawampendi mkubwa wao, wanamwogopa tu. Nilipompa mwalimu kaye yangu, daftari langu la shule, alisoma palepale akiwa amesimama, akacheka kidogo.

— Kabedi, kweli ungesema?

— Ningesema, mwalimu! Mbele ya kila muntu!

Sasa, kaye zetu tulikuwa tunazifunika kwa magazeti zisichafuke. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefunika yangu upya, kwa gazeti ambalo baba alileta kutoka stesheni. Nilikata na kukunja mbiombio. Haki ya Mungu, sikuangalia! Picha ya Kiongozi wa nchi ikaangukia kwenye mkunjo, ukampita shingoni sawasawa. Kichwa mbele, mwili nyuma. Na jina langu nilikuwa sijaliandika juu.

Mwalimu alikuwa bado ameishika kaye ile alipoingia Banza, mjumbe wa vijana wa chama. Huyo alizoea kukagua shule bila kubisha hodi. Tukasimama wote. Jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye shingo ile.

— Nani alikata kichwa ya Kiongozi?

Akaipokonya kaye, akaifungua, akaanza kusoma. Nilimfikiria baba: mtu wa Kasai, mgeni hapa, nyumba tuliyolala ilikuwa ya kazi, na watoto tulikuwa saba. Wangemfukuza kwa ajili ya kurasa mbili za mtoto wake.

— "Wanamwogopa tu," Banza akasoma kwa sauti. Nani anaogopwa hapa? Nani aliandika hii?

Anne, jirani yangu wa benchi, ambaye shuleni ilibidi tumwite Kasanda kwa sababu majina ya ubatizo yalikatazwa, alijua. Akaangalia miguu yake. Mimi niliinua mguu nitoke kwenye benchi. Sidanganyi, niliuinua. Halafu nikaurudisha chini.

— Njo mimi, ndiye mimi, mwalimu Okito akasema. Kaye ni yangu. Njo maoni ya mufano, niliandika kwa kuwafundisha hawa watoto. Na gazeti, njo mimi nilikata.

— Wewe, sitwayeni? Banza akauliza, maana hivyo ndivyo chama kilivyotaka raia waitane.

— Mimi.

Banza akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia, nilishusha macho. Wakatoka wote wawili, mwalimu ameacha koti lake kwenye kiti. Wengine walisema alipelekwa kufungwa Punia, wengine walisema mbali zaidi. Mke wake alikuja kuchukua koti, na mimi ndiye niliyetumwa kumpa. Hata hapo sikusema kitu. Eh, mama yangu!

Kesho ya siku aliyochukuliwa mwalimu tukapangwa mbele ya bendera, kama kila asubuhi. Tukamwimbia Kiongozi, tukamchezea. Halafu Banza akapanda kwenye ngazi, akatangaza kwamba shule yetu imesafishwa, adui ameondolewa, sasa tuonyeshe furaha yetu.

Alikuwa ananiangalia mimi, au niliona hivyo. Nikapiga makofi. Nilipiga kuliko wote, mpaka viganja vikaniuma.