Akina Poni wa Koboko

Ipo asubuhi moja ya Koboko, kule mpakani mwa Uganda, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko nyingine zote. Nilikuwa kijana, nimetoka Arua na cheti changu cha kompyuta, nikaajiriwa katika zahanati iliyotoa dawa za kifafa. Pale nilimkuta Mama Zubeda, binti wa askari mwenye Kiswahili cha kambini, aliyetunza kadi za wagonjwa tangu kabla kompyuta haijafika. Kila siku saa nne asubuhi alinigawia simsim, yaani ufuta, ya kukaanga kwenye kipande cha gazeti. Hadi leo nikiinusa, naiona ile meza yetu.

Niliambiwa nipunguze orodha, kwa kuwa wagonjwa wengi waliandikwa mara mbili. Nikaiamuru kompyuta ibakize rekodi moja kwa kila jina na mwaka wa kuzaliwa, zilizobaki zifutwe zote kwa mpigo. Ikamaliza kabla chai yangu haijapoa. Nilijiona fundi.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, amembeba binti yake, Poni. Mkono wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Siku chache kabla alikuwa amekuja kuchukua dawa, akaambiwa mtoto hayumo kwenye orodha, na muuguzi hakuthubutu kukisia kipimo. Wakarudi mikono mitupu. Kifafa kikamshika Poni kando ya moto, mkono ukaangukia makaa.

Sikujua kwamba kwao jina hufuata zamu ya kuzaliwa, wa kwanza lake, wa pili lake. Akina Poni ni wengi, wa mwaka mmoja, kila mmoja na mama yake; kompyuta ilimbakiza mmoja tu.

Mama Zubeda hakupaza sauti. "Kompyuta iliambia wewe majina iko sawa," alisema. "Sasa watu yenyewe, uliuliza nani?"

Nakala sikuwa nayo. Tulifungua masanduku ya kadi zake, tukawaandika upya mmoja mmoja, siku kumi na mbili. Poni alipona, ila vidole viwili havikunyooka tena.

Nawe sasa umeambiwa kazini ufute maelfu ya rekodi, mwanangu. Weka nakala kwanza, ujaribu kuifungua. Hesabu zitakazofutika kabla ya kuzigusa. Idadi ikikushangaza, simama. Soma kadhaa kwa macho yako, pamoja na mtu anayewajua wenye majina. Kisha futa kidogo kidogo, ukikagua kila mara. Mkubwa wako akikuharakisha, mwambie kwa heshima asubiri.

Mungu akupe mkono mtulivu, na yeyote atakayefika dirishani kwako alikute jina lake.