Gari ya Bakar Haiwaki Asubuhi

Khelef hakuanza na magari. Mpaka mwaka sitini na nne baba yake alikuwa na shamba la minazi Mtoni na kinu cha kushindikia mafuta ya nazi, na kazi ya Khelef ilikuwa kuitunza injini ya dizeli iliyokizungusha. Shamba likachukuliwa na serikali, mzee akafariki, Khelef akabaki na spana zake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akafungua kibanda cha kutengeneza magari Malindi, mjini Unguja, na baada ya miaka saba, akisema betri ni betri, hakuna wa kubisha. Jina hilo la fundi asiyekosea ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Kipupwe cha mwaka sabini na moja jina lenyewe likaanza kuchakaa, sababu teksi ya Bakar wa Bububu. Gari ya Kijerumani hiyo, ya dizeli, ya mwaka hamsini na sita, rangi imebabuka lakini injini nzima. Mchana huwaka kwa kuguswa tu. Alfajiri, kimya. Mara ya kwanza Khelef alisema betri, ikanunuliwa. Mara ya pili akasema plagi za kupashia injini moto. Zikaagizwa Dar es Salaam, zikaja na meli. Gari ikagoma vilevile. Na kosa lilikuwa lake, tena la uvivu: mara zote mbili gari ilimfikia saa nne, jua limeshapanda, inanguruma, naye akahukumu kwa kusimuliwa. Mganga gani humtibu mgonjwa aliyekwishapona?

Barazani watu wakaanza kumcheka. Bakar hakucheka. Yeye alimshuku Shaame, dereva mwenziwe aliyeishika gari jioni: bila shaka anaiba dizeli, kisha anajazia kitu kingine ndani ya tangi. Akamnyang'anya funguo na kuapa kwamba hamrudishii mpaka fundi aseme kilichomo humo.

Basi Alhamisi Khelef alisali alfajiri, akapanda baiskeli mpaka Bububu ili aione gari ikiwa bado baridi. Bakar alikuwa anangoja. Shaame naye alikuwepo, amesimama kando, mikono nyuma, pamoja na watu watatu wanne waliotoka msikitini.

"Shikamoo, mzee," Bakar alisema.

"Marahaba. Iwashe. Mie ntakuwa huku nyuma."

Akachutama kwenye bomba la moshi. Stata ikazunguka kwa nguvu, maana yake betri haina dhambi. Lakini bombani haukutoka hata uzi wa moshi. Dizeli ikifika kwenye injini isiungue, hutoka moshi mweupe. Usipotoka moshi kabisa, mafuta hayafiki. Khelef aliona haya. Jambo la dakika moja, naye kamnunulisha mtu betri na plagi!

Akafungua chujio la mafuta. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kilichoganda kama samli. Akakichota kwa kidole, akakisugua kiganjani, kikayeyuka. Hakuhitaji kukinusa, lakini alikinusa.

"Mafuta ya nazi," alisema.

Hakuna nyumba Unguja isiyojua kuwa mafuta ya nazi huganda kipupwe. Chupa huwekwa juani kwanza ndipo mtu apake nywele. Humu garini yaliganda usiku, jua likipanda yakayeyuka, na gari ikawaka kama haijui lolote.

"Si nliwambia!" Bakar alimgeukia Shaame. "Dizeli yangu kaiuza, kajazia mafuta ya nazi!"

Hesabu ya ajabu, maana mafuta ya nazi ni ghali kuliko dizeli, lakini hasira haipigi hesabu.

"Dizeli unaiweka wapi?" Khelef aliuliza.

"Kwenye yale madebe mawili ulonipa wewe. Hayo hayana neno, nlikuona kwa macho yangu ukiyapindua, hakikutoka kitu. Wewe humo katika lawama hii, mzee."

Madebe yalikuwa ya kinu cha baba yake. Khelef aliyapindua kweli, mwanzo wa kipupwe, asubuhi ya baridi kama hii, halikudondoka tone, akamwambia Bakar makavu, tia dizeli yako. Makavu! Mafuta yalikuwa yameganda chini, unene wa vidole vitatu, na yeye, aliyekulia kwenye kinu cha nazi, hakutia hata mkono.

Angeweza kunyamaza. Bakar keshamtoa hatiani mbele za watu, na watu hao wangelifikisha neno Malindi kabla ya baiskeli yake. Akamtazama Shaame, ambaye alikuwa anatazama chini.

"Mimi nimo," alisema. "Madebe yangu yalikuwa na mafuta yaliyoganda, sikuyatazama. Na betri nilikosea, na plagi nilikosea. Shaame hakufanya kitu."

Mtu mmoja akaguna. Hakuna aliyecheka. Bakar akatoa funguo mfukoni na kumnyooshea Shaame.

"Haya, chukua."

Shaame hakuinua mkono.

"Fundi keshasema lake," alisema. "Wewe bado."